Dhana Pacha Zinazokula Alama

Sokoni ukisema gunia hili lina uzito wa kilo mia moja, hakuna atakayekubishia. Ukiandika hivyo kwenye mtihani wa fizikia, alama imekwenda. Kanuni unaijua na hesabu umeipiga vizuri, ila jina la kitu kimoja umempa ndugu yake. Sasa toa karatasi zako za zamani za fizikia, uchumi, uhasibu na jiografia, uzitandike mezani, ufuatilie kalamu nyekundu. Utaona mchezo ni uleule: masi na uzito, faida na fedha taslimu, bei na mfumuko wa bei, hali ya hewa na tabianchi. Ni dhana pacha. Ukizijua kwa mbali tu, kila mara utaita moja kwa jina la nyingine.

Kwa hiyo usisome dhana moja moja. Zisome mbili mbili, na kila jozi iulize maswali matatu. Kipimo chake ni nini? Inapimwa kwa nukta moja ya wakati, au katika kipindi fulani? Na ni kitu gani kinachoibadilisha? Pacha wawili wanaweza kufanana katika jibu moja, hata mawili, lakini mahali fulani lazima wataachana, na hapo ndipo mtunga mtihani anapokusubiri.

Anza na kipimo

Masi ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo dunia huvutia kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Hapa duniani kila kilo moja huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye masi ya kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588. Mpeleke mwezini, ambako mvutano ni takriban sehemu moja ya sita ya huu wetu: masi inabaki kilo 60, uzito unashuka hadi nyutoni 98 hivi. Wala hajakonda.

Tofauti hiyo unaweza kuiona kwa mizani mbili za sokoni. Ile ya sahani mbili, jiwe huku na mchele kule, hulinganisha masi kwa masi. Mwezini ingetoa jibu lilelile, kwa sababu pande zote mbili zingevutwa kwa kiwango kimoja. Ile ya springi ya kuning'iniza hupima kani inayoivuta springi, na mwezini ingemtia muuza samaki hasara ya kutisha. Uso wake umeandikwa kilo kwa kuwa aliyeitengeneza amekwisha kukugawanyia kwa 9.8.

Joto na jotoridi huchanganywa zaidi, kwa sababu mwili wetu unahisi vyote viwili kwa pamoja. Jotoridi ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye jotoridi kubwa kwenda chenye jotoridi dogo, na hupimwa kwa juli. Kipi kimehitaji joto jingi zaidi, kikombe cha maji yanayochemka au ndoo ya maji vuguvugu ya kuoga? Piga hesabu. Kilo moja ya maji huhitaji juli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja. Kikombe cha robo kilo kutoka nyuzi 25 hadi 100 kimehitaji 0.25 × 4,200 × 75, yaani juli 78,750. Ndoo ya kilo 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 imehitaji 20 × 4,200 × 15, yaani juli 1,260,000. Ndoo, ambayo unaingiza mkono bila kuungua, imemeza joto mara 16 ya lile la kikombe.

Jozi hii ina historia nchini kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu ndani ya friza bila kuyasubiri yapoe, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri Denis Osborne aliyekuwa amefika shuleni hapo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Wanasayansi wanalibishania jambo hilo hadi leo. Kwako wewe funzo lake la darasani ni kwamba swali lile lilikuwa na maana: jotoridi la mwanzo ni jambo moja, na kasi ya joto kuondoka ni jambo jingine. Anayeziona kuwa kitu kimoja hata hawezi kuuliza.

Halafu kuna jozi inayokula fedha za nyumbani kabla haijafika kwenye alama: kilowati na kilowati-saa. Kilowati hueleza kifaa kinatumia nishati kwa kasi gani. Kilowati-saa hueleza nishati yote iliyotumika mpaka ulipozima. Uniti unazonunua za Luku ni kilowati-saa, na hesabu yake ni wati mara saa, kisha gawanya kwa 1,000. Jiko la umeme la wati 2,000 likiwaka nusu saa limekula uniti moja. Pasi ya wati 1,000 huila uniti hiyohiyo kwa saa nzima, na taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo iimalize. Kwa hiyo ugomvi wa kila jioni kuhusu nani ameacha taa ya ukumbini ikiwaka ni ugomvi mdogo sana mbele ya jiko na hita ya maji. Rudi kwenye ile ndoo yetu: uniti moja ni juli 3,600,000, basi maji yale ya kuoga ni uniti 0.35, ukiacha joto linalopotea njiani.

Ukishaishika jozi hii utaanza kusikia makosa redioni. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Huo ni uwezo, yaani kasi. Mtu akikuambia bwawa linazalisha megawati 2,115 kwa mwaka, amechanganya. Mitambo yote ikizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa 24, nishati itakayotoka siku hiyo ni 2,115 × 24, yaani megawati-saa 50,760. Kama itazunguka yote au haitazunguka, hilo linategemea maji yaliyopo na umeme unaohitajika, na hapo jiografia imeshaingia mlangoni.

Tarehe moja au kipindi kizima

Swali la pili ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu jibu lake linafanya kazi katika masomo yote manne. Kuna vitu vinavyopimwa kwa nukta: tarehe fulani, saa fulani, viko kiasi gani. Na kuna vitu ambavyo havina maana bila kutaja kipindi. Maji yaliyomo kwenye tangi ni ya nukta. Maji yanayotoka bombani ni ya kipindi, lita ngapi kwa dakika.

Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hizo ni namba za nukta, usiku wa sensa. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka ni la kipindi. Anayeandika "idadi ya watu ya Tanzania ni asilimia 3.2" ameruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujua.

Bei na mfumuko wa bei ni vivyo hivyo. Wastani wa mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukashuka hadi 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Mtu anasikia "mfumuko umeshuka", anakwenda dukani, anakuta unga haujashuka hata shilingi, anasema ametapeliwa. Hajatapeliwa. Bei ziliendelea kupanda miaka yote mitatu, ila ziliendelea kupanda polepole zaidi. Basi likipunguza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, bado linakwenda mbele. Mwanafunzi wa fizikia ambaye hawezi kusema basi hilo limerudi nyuma hana sababu ya kusema bei zimeshuka.

Sasa tuingie kwenye uhasibu, na hapa tukae kidogo, maana ndiko wengi wanakokariri bila kuelewa. Chukua duka la Mangi mtaani kwako. Tarehe 1 Januari anaanza na mtaji wa shilingi 2,000,000 taslimu. Ananunua bidhaa za 1,200,000 kwa taslimu. Ananunua friza ya 600,000, anayotarajia itadumu miaka mitano. Ndani ya mwezi anauza bidhaa zilizomgharimu 900,000 kwa jumla ya 1,300,000, lakini 500,000 kati ya hizo ni za mkopo, majina yako kwenye daftari la madeni. Analipa kodi ya pango 100,000. Swali: amepata faida au hasara, na ana kiasi gani mkononi?

Faida inaanza na mauzo, toa gharama ya bidhaa zilizouzwa: 1,300,000 − 900,000 = 400,000. Hiyo ni faida ghafi. Toa pango 100,000. Toa na uchakavu wa friza: 600,000 kwa miaka mitano ni 120,000 kwa mwaka, 10,000 kwa mwezi. Faida halisi ni 290,000.

Taslimu ni hadithi nyingine. Alianza na 2,000,000. Zikatoka 1,200,000 za bidhaa, 600,000 za friza na 100,000 za pango. Zikaingia 800,000 tu, kwa sababu 500,000 bado ziko kwa wateja. Amebaki na 900,000. Mangi amepata faida ya 290,000, na wakati huohuo fedha zake mkononi zimepungua kwa 1,100,000. Hakuna mwizi. Ukiielewa sentensi hiyo mpaka uweze kumfafanulia mdogo wako, umemaliza sehemu ngumu kuliko zote za uhasibu wa sekondari. Na utaelewa ni kwa nini duka lenye faida vitabuni linaweza kufungwa kwa kukosa fedha za kununulia mzigo.

Hesabu ya faida na hasara ni ya kipindi: mwezi wote wa Januari. Mizania ni ya nukta: tarehe 31 Januari jioni. Kwa hiyo kichwa cha mizania huandikwa tarehe moja, na kichwa cha hesabu ya faida na hasara huandikwa "kwa mwezi ulioishia" au "kwa mwaka ulioishia". Ukikosea kichwa, msahihishaji anajua hujui unachopima. Hakiki mizania ya Mangi: taslimu 900,000, bidhaa zilizobaki 300,000, wadaiwa 500,000, friza 590,000. Jumla 2,290,000. Upande wa pili, mtaji 2,000,000 na faida 290,000. Jumla 2,290,000. Imekaa.

Debiti na krediti nazo ni pacha wanaosumbua, hasa kwa sababu watu wanadhani moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Sivyo. Ni pande mbili tu za leja, kushoto na kulia. Mali na gharama huongezeka kwa debiti. Dhima, mtaji na mapato huongezeka kwa krediti. Mangi anapouza kwa mkopo anadebiti wadaiwa 500,000 na kukrediti mauzo 500,000. Utaratibu huu si wa jana: Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, akieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokwisha kuutumia.

Kinachowachanganya wengi ni ujumbe wa simu kutoka benki. Umeweka fedha, ujumbe unasema akaunti yako imekreditiwa, ilhali darasani uliambiwa taslimu ikiongezeka ni debiti. Nani mwongo? Hakuna. Benki inaandika vitabu vyake, haiandiki vyako. Fedha uliyoweka ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, na dhima huongezeka kwa krediti. Kwenye daftari lako wewe, ni debiti.

Kuna mtego mmoja wa mwisho hapa. Urari, yaani orodha ya salio zote za leja, ukilingana, usishangilie mapema. Tuseme karani wa Mangi ameiandika friza kwenye akaunti ya ununuzi wa bidhaa badala ya akaunti ya vifaa. Debiti ni 600,000 vilevile, krediti ya taslimu ni 600,000 vilevile, urari unalingana vizuri kabisa. Lakini sasa hesabu itaonyesha ametumia 600,000 zote Januari, na hakuna uchakavu: badala ya faida ya 290,000 utapata hasara ya 300,000. Urari hukagua kama pande mbili ni sawa. Haukagui kama umeweka kitu mahali pake.

Nini kimesababisha?

Swali la tatu ndilo moyo wa uchumi wa mwanzo. Mama wa genge akishusha bei ya nyanya, wateja wananunua nyingi zaidi. Usiandike kwamba uhitaji umeongezeka. Kilichoongezeka ni kiasi kinachohitajiwa. Uhitaji, yaani mkunjo mzima unaoonyesha watu wangenunua kiasi gani kwa kila bei, haujasogea. Njoo Ramadhani. Bei za tende, mihogo na magimbi hazijashushwa na mtu, bali watu wanataka futari, na kwa bei ileile ya jana leo wangenunua zaidi. Hapo ndipo uhitaji umeongezeka na mkunjo umehamia kulia.

Kigezo ni kimoja. Kama kilichobadilika ni bei ya bidhaa yenyewe, unatembea juu ya mkunjo. Kama ni kitu kingine chochote, kipato, msimu, bei ya bidhaa mbadala, idadi ya wanunuzi, mkunjo wenyewe unahama. Kwa ugavi ni hivyohivyo. Mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika Tanzania na bei ikapaa. Chanzo hakikuwa bei. Kilikuwa matope mashambani. Kwa hiyo ni mkunjo wa ugavi uliohamia kushoto, na bei ikapanda kama matokeo.

Asiyetenganisha pacha hawa huandika aya inayojila mkia: "Ugavi ulipungua, bei ikapanda, bei ilipopanda uhitaji ukashuka, uhitaji uliposhuka bei ikashuka." Soma tena. Kwa mtiririko huo hakuna bei inayoweza kupanda duniani. Jibu sahihi ni fupi: ugavi ulipungua, bei ikapanda, kiasi kinachohitajiwa kikapungua. Nukta.

Gharama ya fursa haihitaji maneno mengi. Mkulima wa Singida mwenye ekari moja anaweza kulima alizeti, mtama au karanga. Akichagua alizeti, gharama ya fursa ni zao moja bora zaidi kati ya yale aliyoyaacha. Si mtama pamoja na karanga, maana ekari ni moja na asingeweza kuvuna vyote viwili.

Katika jiografia, hali ya hewa na tabianchi hutenganishwa kwa swali la pili: moja ni ya leo na kesho, nyingine ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida thelathini. Kimbunga Hidaya kilichoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuwa hali ya hewa. Kwamba Tanga hupata vuli na masika, wakati Songea hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, hiyo ni tabianchi.

Lakini jozi tamu zaidi ya jiografia, kwa maoni yangu, ni upande wa mlima unaopokea upepo na upande wa kivuli cha mvua, kwa sababu ukiieleza vizuri umejibu swali la fizikia bila kulipwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga milima ya Usambara na kulazimika kupanda. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa inayouzunguka inapungua, hewa inatanuka, inapoa, mvuke unagandamana kuwa mawingu, na Amani inanyeshewa. Ukishavuka kilele unashuka: unabanwa, unapata joto, unakuwa mkavu. Nyuma ya Usambara na Upare iko Mkomazi, nyika yenye miiba. Kupungua huko kwa kanieneo ndiko pia kunakofanya maharage ya Mbeya yakawie jikoni: mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na kuongeza kuni hakuyapandishi zaidi ya hapo. Sufuria itabubujika tu kwa fujo. Unachohitaji ni kifuniko kinachobana mvuke.

Latitudo na longitudo: andika mahali unapopaona kila siku kwamba ni longitudo inayohusu saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, basi nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika nne. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, na mstari huo, cha kuchekesha, haugusi Tanzania, Kenya wala Uganda. Uko mashariki yetu. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo jua lake liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi. Kigoma iko karibu na nyuzi 30, iko nyuma kwa karibu saa nzima. Ndiyo maana watoto wa Kigoma wanacheza mpira nje wakati wenzao wa Dar wameshawasha taa. Burundi jirani, na Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wameamua kufuata longitudo ya 30, na saa zao ziko nyuma ya Kigoma kwa saa moja ingawa jua ni lilelile. Saa ya jua imewekwa na longitudo. Saa ya ukutani imewekwa na serikali. Mtihani ukikupa longitudo mbili, unaulizwa saa ya jua.

Neno moja kuhusu grafu

Mteremko wa mstari ni dhana moja inayovaa nguo tofauti. Kwenye grafu ya umbali na muda, mteremko ni mwendokasi. Kwenye ramani, ni kupanda kwa ardhi kwa kila mita unayosonga. Kwenye uchumi, unaonyesha bei inabadilika kiasi gani kiasi kinapobadilika kwa kimoja. Angalia tu mihimili. Wanafizikia kwa kawaida huweka kisababishi kwenye mhimili wa mlalo. Wachumi, wakifuata desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall katika kitabu chake cha 1890, huweka bei kwenye mhimili wa wima ingawa darasani wanaifundisha kama kisababishi. Ni desturi ya ovyo, lakini usijaribu kuirekebisha kwenye chumba cha mtihani.

Daftari la jozi

Nunua daftari dogo. Kila ukurasa, jozi moja, mstari katikati. Juu andika majina, chini yake majibu ya maswali matatu, na mwishoni mfano mmoja wenye namba kutoka mtaani kwenu, uliouunda mwenyewe. Mfano wa kitabuni hautoshi. Ukishindwa kuunda wako, dhana bado hujaipata. Kurasa ishirini na tano zinatosha kwa masomo haya yote. Mtihani wako huenda ukawa kwa Kiingereza. Daftari liandike kwa lugha unayofikiria, kisha weka pembeni jina linalotumika kwenye karatasi ya mtihani. Wape wenzako waulize kwa kuruka, bila kufuata kurasa, kwa sababu mtihani nao haufuati.

Jipime sasa hivi, ufunike majibu.

Friza ya wati 150 inayowaka jumla ya saa 12 kwa siku inakula uniti ngapi kwa siku 30? Ni 150 × 12 × 30 ÷ 1,000, yaani uniti 54.

Februari, Mangi anakusanya 200,000 kutoka kwa wadaiwa wake. Faida ya Februari inaongezeka kwa kiasi gani kwa tendo hilo? Sifuri. Mauzo yale yalikwisha kuhesabiwa Januari. Debiti taslimu, krediti wadaiwa, basi.

Kwenye ramani ya 1:50,000 shamba lina urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Eneo lake? Geuza pande kwanza: kilomita 2 kwa kilomita 1, yaani kilomita za mraba 2. Aliyezidisha sentimita za mraba 8 kwa 0.5 akapata 4 ametumia kipimo cha urefu kupimia eneo. Sentimita moja ya mraba hapo ni kilomita ya mraba 0.25.

Bei ya gesi ya kupikia ikishuka, nini kinatokea kwenye soko la mkaa? Gesi ni mbadala wa mkaa, kwa hiyo uhitaji wa mkaa unapungua na mkunjo wake unahamia kushoto. Bei ya mkaa inashuka, na wachoma mkaa wanapunguza kiasi wanachopeleka sokoni. Ukiandika kwamba ugavi wa mkaa umepungua, umekosa alama: mkunjo wa ugavi uko palepale, kilichopungua ni kiasi kinachotolewa.